Rangi ya Machungwa Haimfukuzi Kulungu, na Mengine Niliyochoka Kuyasikia Kuhusu Vibanda vya Kuvizia

Ikifika Oktoba hapa Iowa, Marekani, simu yangu haipumziki. Ni ndugu zetu wa Des Moines, Waterloo na Cedar Rapids: kozi ya usalama wa uwindaji wamemaliza, leseni wanayo, mwenye shamba amekubali, na kibanda cha kuvizia kulungu wameshakijenga wenyewe kwa mapaleti na magunia. Wananitumia picha nikikague. Kibanda safi kabisa, matawi ya mwerezi yamepangwa hadi juu. Ile rangi ya machungwa inayong'aa, ambayo sheria inataka iwepo kibandani msimu wa bunduki ili wawindaji wengine wajue kuna mtu, haionekani popote. Nikiuliza, jibu ni lile lile la mwaka jana: "Sasa mwalimu, nikiweka ile rangi, si kulungu ataniona?"

Hakuoni, bwana. Jicho la binadamu lina aina tatu za chembe zinazopokea rangi. La kulungu wa mkia mweupe lina mbili tu: moja inapokea hasa mwanga wa buluu, karibu nanomita 450 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na nyingine wa kijani kinachoelekea njano, karibu nanomita 537. Ile ya tatu, inayotusaidia sisi kutofautisha nyekundu, machungwa na kijani, yeye hana. Hayo si maneno ya vijiweni. Miaka ya 1990 watafiti waliokutana University of Georgia waliyamulika macho ya kulungu kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kupima umeme ambao jicho hutoa likijibu. Machungwa inayong'aa iko karibu nanomita 600, mbali na pale macho yake yanapofanya kazi vizuri. Kwake inafifia na kulingana na majani makavu yaliyoizunguka.

Kinachonikera ni kwamba anayeikimbia machungwa utamkuta kibandani amevaa jinzi. Buluu ndiyo rangi ambayo kulungu anaiona vizuri kuliko sisi! Tena jinzi imefuliwa kwa sabuni ya unga yenye ving'arisha, vile vinavyofanya shati jeupe liwe "jeupe kuliko jeupe". Vinafanya kazi kwa kunasa mionzi ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Lenzi ya jicho letu huichuja mionzi hiyo, ya kulungu huipitisha. Kwa hiyo umeficha kisichoonekana, halafu umevaa kinachoonekana.

Hilo la macho ni nusu ya jambo, tena nusu ndogo. Fikiria Desemba, msimu wa shotigani. Hapa Iowa watu wengi huwinda kwa vikundi: baadhi wanasimama mwisho wa msitu, wengine wanauingia na kuufagia kwa miguu ili kulungu watoke mbio. Wale wanajuana, wameshakubaliana nani anasimama wapi. Wewe hawakujui. Unachowaonyesha ni lundo la matawi na magunia, na kulungu anayekimbia akipita katikati yenu, mwenye bunduki anamtazama kulungu, hatazami lundo lililo nyuma yake. Kadiri ulivyojificha kwa ufundi ndivyo ulivyojiweka pabaya.

"Lakini mimi nimevaa fulana ya machungwa." Vizuri, na sheria inakutaka uivae hata ukiwa ndani, tena kofia peke yake haitoshi. Sasa niambie nani anaiona fulana hiyo nyuma ya ukuta wa gunia. Ndiyo maana katika misimu ya bunduki sheria ya Iowa inadai kibanda chenyewe kiwe na machungwa inayong'aa isiyo na michoro, angalau inchi za mraba 144, inayoonekana kutoka pande zote. Hicho ni kipande cha inchi 12 kwa 12. Kitambaa kimoja kilichotundikwa mgongoni mwa kibanda hakitoshi, kwa sababu anayekuja kwa mbele hakioni. Shamba kuwa la mtu binafsi hakukutoi kwenye sheria, na karibu ardhi yote ya jimbo hili ni ya watu binafsi. Ukienda kuwinda jimbo jingine soma kijitabu chao, kila mmoja ana vipimo vyake.

Nawashauri hivi, na nitaendelea kuwashauri mpaka mchoke: chukua ndoo ya galoni 5, izungushie kitambaa cha machungwa kisichokuwa na michoro, ikaze juu ya mti mfupi katikati ya paa. Ya duara haina mgongo, kila upande inaonekana sawa. Kitambaa kibane kwa gundi au waya kisipepee, maana kulungu hashtuki kwa rangi hiyo, anashtuka kwa kitu kinachochezacheza.

Hapo kwenye kuchezacheza ndipo lilipo lengo zima la kibanda. Wengi wanadhani kazi yake ni kufanana na kichaka, basi wanamaliza wikiendi nzima kwenye matawi ya nje na ndani hawagusi. Nje inatosha uvunje umbo la boksi na uweke kitu nyuma yake, mti mnene au ukingo wa kichaka, kisisimame peke yake uwandani. Ndani ndiko kwenye kazi. Funika kuta kwa shuka kuukuu nyeusi. Vaa nguo nyeusi au za giza, na msimu wa bunduki ile fulana ya machungwa iwe juu yake. Kombati huzihitaji, na wengine wetu tumetoka nchi ambako raia akizivaa anasimamishwa na polisi, kwa hiyo furahini, mmeokoa pesa. Kisha fagia sakafu hadi udongo utokee, usibaki hata jani moja kavu chini ya kiti. Watu wanalichukulia hili kama usafi wa kupitiliza. Wakishageuza mguu mara moja asubuhi yenye barafu, wanaelewa.

Madirisha pande zote nne ili "nione kila kitu" ni kosa jingine. Mwanga ukiingia nyuma na kutokea mbele, wewe katikati ni kivuli kamili, kulungu anakusoma kama bango. Fungua la mbele, pengine na la ubavuni, ya nyuma yabaki yamefungwa.

Kuhusu harufu nitasema kwa ufupi kwa kuwa sina subira nalo. Turubai haizuii harufu. Wala sabuni isiyonukia haizuii, inapunguza kidogo tu. Jenga upande ambao upepo unatoka kwa kulungu kuja kwako, na kama eneo lina upepo unaogeuka, jenga vibanda viwili. Beba kichupa cha unga mkavu, minya kidogo hewani uone unakoelekea. Mtelemko nao una mambo yake: jioni hewa inapopoa huteremka bondeni na harufu yako pamoja nayo; asubuhi jua likishachomoza hupanda. Mtu anayekaa juu ya bonde jioni akingoja kulungu watokee chini anajichosha.

Kumwaga mahindi mbele ya dirisha? Hapana. Iowa hairuhusu kuwinda kulungu kwa chambo, iwe nafaka, matunda au jiwe la chumvi. Mahindi yaliyosimama shambani kama yalivyolimwa hayana tatizo, kaa pembeni yake.

Kujenga usiku wa kuamkia msimu nako hakufai. Kulungu anaijua njia yake ya kila siku, kitu kipya kinamtia shaka. Kipe kibanda wiki mbili au tatu akizoee.

Kwa wanaotumia upinde kuna jambo linalowapotezea mishale. Wanapima urefu wa dirisha kwa jicho: nikiona nje, mshale utapita. Lakini mshale hutoka chini ya mstari wa jicho lako kwa inchi kadhaa, kwa hiyo unamwona kulungu vizuri kabisa huku ncha inaelekea kwenye ubao. Kabla hujapigilia msumari wa mwisho, kaa kwenye kiti chako chenyewe, vuta upinde bila kuuachia, na mwenzako akiwa pembeni, kamwe si mbele, akuambie mshale uko wapi ukilinganisha na kingo. Angalia pia ncha ya juu ya upinde isiguse paa. Mwenye bunduki naye atoe mdomo wa bunduki nje ya dirisha kabla ya kufyatua, vinginevyo mlipuko wote unaishia masikioni mwake.

Baridi ya Desemba hapa si mchezo, na nimeulizwa zaidi ya mara moja kama jiko la mkaa linafaa, "mradi nimeacha dirisha". Halifai. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu, na wote tunajua habari za familia zilizolala na jiko ndani zisiamke. Hita ya gesi ndani ya turubai nayo naiweka kundi hilo hilo. Vaa soksi za sufu, beba chupa ya chai, na ukishindwa rudi kwenye gari ukaote moto.