Mafunzo ya usalama kwa watoa misaada Kivu: dhana na ukweli

Dhana: Wageni ndio walio hatarini zaidi, kwa hiyo wafundishwe wao kwanza.

Ukweli: Wengi wa wafanyakazi wa misaada wanaouawa kwenye maeneo ya vita ni wenyeji: madereva, walinzi, wahudumu wa afya. Februari 22, 2021, msafara wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulivamiwa karibu na Kibumba, barabara ya Goma–Rutshuru. Waliuawa balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake, na dereva Mkongomani. Risasi zikianza, dereva ndiye mwenye usukani. Kumwacha nje ya darasa kwa kuwa kozi inatolewa kwa Kiingereza ni kosa kubwa. Afundishwe kwa Kiswahili, tena awe wa kwanza.

Dhana: Ukimfunga majeruhi mkanda wa kubana damu, atakatwa mguu.

Ukweli: Hofu hii inaua. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Mkanda uliokaa chini ya saa mbili kwa kawaida hauharibu mguu.

Kwanza mtoe simu na funguo mfukoni, la sivyo utabana simu badala ya mshipa. Funga sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, upande wa kuelekea moyoni, lakini si kwenye goti wala kiwiko. Vuta mkanda mpaka kidole kisipenye chini yake, ndipo uzungushe kijiti cha kukazia kilichomo kwenye mkanda. Wengi hukosea hapa: wanaanza kuzungusha mkanda ungali umelegea, kijiti kinagoma na damu bado inachuruzika. Zungusha mpaka ikome. Majeruhi atapiga kelele na kukusihi ulegeze, usilegeze. Damu ikiendelea, funga wa pili pembeni ya wa kwanza, upande wa moyo. Andika saa uliyofunga.

Mkanda wa suruali peke yake haufai. Hauna kijiti, hivyo huziba mishipa inayorudisha damu na kuiacha wazi inayoileta. Jeraha huzidi kutoka damu.

Kwenye kinena au kwapa mkanda haufungiki. Shindilia shashi ndani ya jeraha mpaka pale damu inapotoka, kisha gandamiza kwa mikono miwili dakika 10 bila kuchungulia.

Dhana: Ukijificha nyuma ya mlango wa gari, uko salama.

Ukweli: Bati la Land Cruiser ya kawaida halizuii risasi ya AK-47. Gari likiwa bado linatembea na njia iko wazi, ondokeni. Likizimika, shukeni upande usiopigwa na mjibanze nyuma ya injini, chini kabisa.

Dhana: Ukijikuta kwenye mabomu ya ardhini, rudi kwa nyayo zako.

Ukweli: Simama papo hapo, wapazie sauti wenzako nao wasimame, toa taarifa kwa redio, ngoja wataalamu. Kwenye nyasi au ardhi ngumu nyayo hazionekani. Kurudi ni pale tu ambapo msaada hauwezi kufika.

Dhana: Ukishapata cheti, umeiva.

Ukweli: Mikono husahau. Kila baada ya miezi michache, funga mkanda kwenye paja lako gizani, kisha kwenye mkono wako kwa mkono mmoja. Tumia mkanda wa mazoezi. Ule wa kazi ubaki mpya, ndani ya gari, mahali dereva anapofikia bila kufungua mkanda wa kiti.