Tanini: ukakasi wa chai, mtama na magome

Mama mjamzito anayemeza kidonge cha kuongeza damu kwa chai ya rangi anapoteza sehemu kubwa ya faida ya kidonge hicho. Kama afisa lishe hapa Dodoma, nalirudia jambo hili kila nikikutana na akina mama kliniki. Wengi wameshakatazwa, ila hawajaelezwa sababu.

Sababu ni tanini, kemikali ambayo mimea hujitengenezea ili kujikinga. Ndiyo inayoleta ukakasi ukitafuna ganda la zabibu au ukinywa chai iliyochemka mno: inashikana na protini za mate na ulimi unakauka. Kwa tabia hiyohiyo ya kushika protini, ngozi mbichi ya ng'ombe hugeuzwa kuwa ngozi isiyooza. Na tanini hushika madini ya chuma vilevile. Weka msumari wenye kutu kwenye kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, uache hadi kesho yake. Utaikuta chai imekuwa nyeusi kama wino. Chuma cha maharage, mlenda au mtama kikishashikwa hivyo tumboni, mwili haukifyonzi. Chai inayonywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza ufyonzwaji huo kwa zaidi ya nusu. Chuma cha nyama hakiathiriki sana, lakini ni kaya ngapi zinakula nyama kila siku?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 58 ya watoto walio chini ya miaka mitano na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Malaria na minyoo vimo humo, tena kwa kiasi kikubwa. Ila chai ya wakati wa kula tunaweza kuisogeza leo bila kutumia hata shilingi. Inywe saa moja au zaidi baada ya chakula, na mezani weka juisi ya ubuyu, kwa sababu vitamini C yake husaidia chuma kufyonzwa.

Kuhusu mtama, nasikia watu wakiulaumu mwekundu wote. Si haki. Tanini hukaa kwenye utando mwembamba chini ya ganda, na si kila mtama mwekundu una utando huo. Chukua punje, ikwangue taratibu kwa wembe. Ukikuta utando wa kahawia kabla ya kufikia weupe wa ndani, tanini ipo. Ukikutana na weupe moja kwa moja, haipo. Macia, mbegu ya mtama mweupe, kwa mfano, haina. Mkulima wa Bahi au Kongwa anayeupanda wenye tanini ana hoja nzito, kwa kuwa kwelea kwelea hawaupendi na ukungu hauushambulii kirahisi. Sitamwambia auache, namwomba aukoboe kabla ya kusaga, maana kukoboa huondoa sehemu kubwa ya tanini. Kuku wakilishwa mtama wenye tanini kwa wingi, hudumaa.

Magome yenye ukakasi hutumika kuzuia kuhara, na ni kweli tanini hukaza utando wa utumbo. Lakini mtoto anayeharisha huuawa na kupotea kwa maji mwilini. Mpe ORS na zinki, umwahishe kituoni.

Kinachonitia hofu zaidi ni kupaka maji ya magome au majani ya chai kwenye jeraha la moto. Mwaka 1925 daktari Edward Davidson wa Detroit, Marekani, alieleza tiba ya majeraha ya moto kwa asidi ya taniki, ambayo ni aina ya tanini. Iliweka gamba gumu juu ya kidonda, na hospitali nyingi za ng'ambo zikaifuata. Miaka ya 1940 ikaachwa, baada ya kubainika kwamba ikipenya kwenye damu inaharibu ini. Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya kawaida kwa dakika 20, mfunike kidonda kwa kitambaa safi, mumpeleke kituo cha afya bila kumpaka chochote.