Tatizo si megabiti, mama

Mteja wangu wa Eastleigh, mama muuza vitambaa, alinipokea kwa lawama: "Kijana wangu, nimepandisha kifurushi cha intaneti na bado mtu wangu wa Dubai ananisikia vipande vipande!"

Wengi hudhani simu ya intaneti inakula sana. Wapi! Kwa kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) iitwayo G.711, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla kilobiti 64. Hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kila kipande husafiri katika pakiti yake. Hizo ni pakiti 50 kwa sekunde, kila moja baiti 200 ukihesabu na anwani: kilobiti 80 kwenda, 80 kurudi. Basi.

Kinachoiua simu ni kuchelewa. Barua pepe ikipoteza pakiti, hutumwa tena na hakuna anayejua. Silabi iliyochelewa haina kazi tena, hutupwa. Simu inayopokea hulimbikiza pakiti kidogo, makumi ya milisekunde, ili zilizofika ovyo zisikike kwa mpangilio. Akiba hiyo ikikauka ndipo unaposikia "ha... lo... nakus...". ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Waliopiga simu kupitia setilaiti, kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, wanakumbuka walivyokatizana maneno: kupanda kilomita 36,000 na kushuka ni robo sekunde tayari.

Kwa mama, mkosaji alikuwa kamera nne za ulinzi zinazopakia video kutwa kucha. Kifurushi kipya kilimwongezea kasi ya kupakua tu. Ya kupakia ilibaki megabiti 2. Pakiti ya video yenye baiti 1,500 huchukua milisekunde 6 kupita hapo. Zikipanga foleni 50, sauti yake inangoja milisekunde 300 kabla haijatoka hata Eastleigh.

Nilipunguza ubora wa kamera, nikabana upakiaji chini kidogo ya uwezo wa laini ili foleni ikae kwenye ruta yetu, ninakoweza kuitawala, kisha nikaamuru sauti ipite kwanza. Dakika ishirini, pamoja na chai.

"Na stima ikipotea?" akauliza. Swali zuri. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme wake kutoka eksichenji, kituo cha kampuni ya simu; hii inazimika pamoja na ruta. Amenunua betri ndogo ya ruta, na kile kifurushi kikubwa amekirudisha.