Chablis: yanayosemwa na yaliyomo kwenye glasi

Dhana: Mvinyo mweupe wa Kifaransa lazima uwe na sukari.
Neno letu "mtamu" linachangia mkanganyiko huu, maana hubeba sukari na uzuri wa ladha kwa pamoja. Chablis, mvinyo mweupe unaobeba jina la mji wake nchini Ufaransa, ni mzuri bila kuwa na sukari ya kuhisika, kwa kuwa hamira huigeuza karibu yote kuwa alkoholi. Hutengenezwa kwa zabibu za Chardonnay peke yake, kandokando ya mto Serein, kaskazini mwa eneo la Burgundy. Huko ni baridi, kwa hiyo zabibu huiva huku uchachu wake ungalipo. Uchachu huo ndio uti wa mgongo wa mvinyo huu. Marekani, kwa miongo mingi, jina hili lilibandikwa kwenye mvinyo wa bei ya chini usiohusiana kabisa na Chablis, na sifa mbaya ikaufuata hadi leo.

Dhana: Ukizidi kuwa baridi ndivyo unavyonoga.
Kosa hili huharibu chupa nyingi. Friji ya nyumbani huwa na nyuzi joto 4 hivi. Hapo harufu hulala, ukabaki na ukali mtupu. Chablis ya kawaida inataka nyuzi 10 hadi 12, Grand Cru, yaani Chablis ya daraja la juu kabisa, 12 hadi 14. Itoe kwenye friji dakika 20 kabla ya kunywa. Kama chupa ilikuwa kabatini, izamishe kwenye ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu. Barafu tupu huacha mianya, kwa hiyo hupoza polepole.

Jaza theluthi moja tu ya glasi. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe: Chablis changa ni ya manjano hafifu yenye ukijani kwa mbali. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha unuse tena, utafute ndimu, tofaa bichi, jiwe lililonyeshewa. Ukikuta harufu ya boksi lililolowa, kizibo kimeharibu mvinyo na hakuna dawa. Onja kidogo, uvutie hewa juu ya ulimi, umeze. Mate yakichuruzika chini ya taya, huo ni uchachu. Hesabu sekunde ladha inazodumu.

Dhana: Ladha ya chaza hupanda kutoka ardhini.
Visukuku vya chaza vipo kweli. Udongo wa Kimmeridge, wa mfinyanzi na chokaa, una umri wa miaka milioni 150 hivi, na mawe yake yamejaa vigamba vidogo vilivyopinda kama alama ya mkato. Lakini mizizi hufyonza maji na chumvi zilizoyeyuka, haifyonzi ladha ya vigamba.

Dhana: Ni wa samaki tu.
Tazama mchuzi kwanza. Chaza mbichi hupatana na Chablis kwa sababu chumvi yao hulainisha uchachu. Ukiwaminyia limau nyingi, chakula kinakuwa kichachu kuliko mvinyo, nao unapooza kama maji. Mafuta nayo yanaupenda: kuku wa krimu, jibini la mbuzi, au paja la nguruwe la mji wa Chablis wenyewe, linalopikwa kwa mvinyo huohuo pamoja na krimu na nyanya. Pilipili kali iepuke, kwani alkoholi huuchochea moto wake. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma huumeza mvinyo mzima.

Dhana: Mweupe haukai.
Petit Chablis, ya daraja la chini kabisa, inywe mapema. Grand Cru, kutoka mashamba saba ya mteremko mmoja juu ya mji, huweza kukomaa miaka 10 hadi 15, ikageuka rangi ya dhahabu na kunukia asali.

Dhana: Chembe zinazong'aa chini ya chupa ni vioo.
Ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi, haina madhara. Simamisha chupa wima saa moja, mimina taratibu, na uache kidole kimoja cha mvinyo chini.