Kwa nini kilo hurudi: kuishi na kiribatumbo kwa miaka mingi

Watu wengi wanaofika kwenye kliniki ya lishe ninakofanya kazi hapa Dodoma hawaulizi namna ya kupunguza mwili. Wamekwishaupunguza, tena zaidi ya mara moja, kwa kuacha wali, kwa kushinda na njaa, kwa kutembea kila alfajiri. Wanachotaka kujua ni kwa nini kilo zile zilirudi zote, na pengine zikaja na nyingine juu yake. Huuliza kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Ningependa kulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa kuwa bila jibu lake matibabu yote yanayofuata hujengwa juu ya lawama.

Vipimo kwanza, kwa ufupi. Tunachukua uzito wa mtu kwa kilo na kuugawanya kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mama mwenye kilo 90 na kimo cha mita 1.60 hupata 35, na kuanzia 30 Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Kanuni hiyo ilitokana na kazi ya Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akichunguza umma wa watu na si mgonjwa mmoja mmoja, na kwa hiyo sikosi kupima kiuno pia. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 88 kinaashiria hatari kubwa ya sukari na magonjwa ya moyo. Kwa mwanamume, sentimita 102.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Mafuta ya mwili hufanya kazi usiku na mchana, na mojawapo ya kazi zake ni kutengeneza homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mtu anapopungua, leptini hushuka, na ubongo huusoma upungufu huo kama dalili ya njaa kuu hata kama aliyepungua bado ana kilo 85. Wakati huohuo grelini, homoni ya tumboni inayoamsha hamu ya kula, hupanda. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne nchini Australia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliopunguza uzito kwa mlo mkali, wakaona kwamba mwaka mzima baadaye homoni hizo zilikuwa hazijarudi mahali pake, na watu wale walikuwa bado wakisikia njaa kuliko walivyoisikia kabla ya kuanza. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2016, uliwapima tena washiriki wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani miaka 6 baada ya shindano. Wengi walikuwa wamenenepa upya, lakini miili yao wakati wa kupumzika ilikuwa ikichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao.

Kwa maneno mengine, mwili huutetea uzito wake wa juu. Mgonjwa anayeambiwa kwamba hana nidhamu anahukumiwa kwa jambo ambalo mwili wake unalifanya bila kumwomba ruhusa. Ndiyo sababu mimi huuhesabu unene wa miaka mingi pamoja na presha na kisukari, magonjwa yanayotunzwa maisha yote, na sikubali kuuchukulia kama mtihani ambao mtu hufaulu au kufeli ndani ya miezi mitatu.

Mtazamo huo hubadilisha lengo. Simwambii mama yule wa kilo 90 arudi kwenye kilo 58 za usichana wake. Namwomba tufikie 84 hivi, kisha tuzilinde. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 tu hushusha presha na sukari kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na uwezekano wao wa kupata kisukari ukapungua kwa asilimia 58. Magoti nayo hupata nafuu mapema, kwa sababu kila kilo moja inayoondoka hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Hapa kwetu kuna ugumu wa pekee. Ugogo, eneo hili la Dodoma, ni nchi ya ukame. Njaa ya Mtunya, iliyoikumba kuanzia mwaka 1917, ilihamisha na kuua watu wengi. Baadaye ukaja ukimwi, ukafanya kukonda kutiliwe shaka. Kwa hiyo mama anayefuata ushauri wangu kwa uaminifu husimamishwa sokoni Majengo na kuulizwa, “Mbona umeisha hivyo mama, unaumwa?” Wapo walioacha kwa ajili ya swali hilo tu. Siku hizi nawaomba wanawake waje na mume, dada au binti mkubwa, ili awepo mtu nyumbani anayejua kwamba kupungua huku ni kwa makusudi.

Kuhusu chakula, siwanyang’anyi watu ugali. Ugali wa uwele kwa mlenda ni mlo mzuri. Tunachopunguza ni ukubwa wa tonge na mafuta ya kuungia, na tunaongeza mboga na maharage. Ninaanza na vinywaji, kwa kuwa soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, na haishibishi. Zabibu zetu nashauri ziliwe nzima badala ya kukamuliwa. Watumishi wa serikali wanaokaa kwenye kiti kutwa nzima katika ofisi za Mtumba na kumalizia jioni kwa chipsi mayai wana kazi zaidi, na kwao kutembea kabla jua halijawa kali ni sehemu ya dawa.

Yapo mambo ambayo wagonjwa huona aibu kuyataja, nami huyauliza mwenyewe. Mikunjo ya ngozi chini ya matiti na tumbo ikaushwe vizuri baada ya kuoga, kwa sababu fangasi hupenda unyevu. Kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi usiku kunahitaji daktari. Mkanda wa kupimia presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli, kwa hiyo una haki ya kuomba mkubwa. Dawa zako pia zitazamwe: insulini, steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na sindano ya uzazi wa mpango huweza kuongeza uzito, ila usiache yoyote bila kuzungumza na aliyekuandikia.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni mara nyingi huharisha tu, na kinachotoka ni maji. Semaglutaidi, sindano ya kila wiki inayotuliza hamu ya kula, ni dawa ya kweli. Lakini katika utafiti wa waliosimamishiwa, theluthi mbili ya uzito uliopungua ilirudi ndani ya mwaka mmoja, na gharama yake bado ni kubwa kwa familia nyingi.

Kwa hiyo jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwenye mizani ileile. Zikirudi kilo mbili au tatu, njoo kliniki wiki hiyohiyo, tuangalie usingizi, dawa, msiba au mabadiliko ya kazi yaliyotangulia. Usingoje zifike kumi kwa kuogopa kugombezwa.