Ukakamavu wa amari na uimara wake ni vitu viwili

Ukakamavu ni mvutano unaohitajika ili amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga, irefuke kwa kiwango fulani. Uimara ni mvutano unaoikata. Basi. Lakini kila modeli ya mtambo wa upepo unaoelea inapotafutiwa amari, mazungumzo huishia kwenye "kamba isiyokatika". Ndani ya tangi la mawimbi, yaani bwawa la kujaribia modeli, kukatika ndiyo hofu ndogo kuliko zote.

Chukua DeepCwind, jukwaa linaloelea la kubeba mtambo wa upepo, ambalo modeli yake ya skeli ya 1:50 ilijaribiwa mwaka 2011 katika taasisi ya utafiti ya MARIN, Uholanzi. Katika ukubwa halisi kila amari ina mita 835.5, kilo 113.35 kwa mita, na ukakamavu wa meganyutoni (nyutoni milioni) 753.6, yaani mvutano ambao ungeirefusha mara mbili. Kwa kanuni ya Froude, inayotumika kupunguza vipimo vya modeli za majini, urefu unagawanywa kwa 50, uzito wa kila mita kwa 2,500, ilhali mvutano na ukakamavu vinagawanywa kwa 125,000; hivi vitatu vya mwisho vinagawanywa tena kwa 1.025 kwa kuwa maji ya tangi hayana chumvi. Unabaki na mita 16.7, gramu 44 kwa mita, ukakamavu wa nyutoni 5,900 hivi, na mvutano wa nyutoni 9 hivi pale amari inapofungwa jukwaani. Hata uzi wa fundi viatu unabeba nyutoni 9.

Shida iko kwingine. Ukipunguza unene wa chuma mara 50, eneo la mkato wake hupungua mara 2,500 tu, na chuma ni kilekile. Ndiyo maana mnyororo mdogo wa pete zilizochomelewa, wenye gramu zako 44 sawasawa, unakuwa mkakamavu kupita kiasi kwa zaidi ya mara 30. Wimbi kubwa likiunyoosha, vipimo vinaonyesha mishtuko isiyo ya baharini. Mshipi mnene wa nailoni unaweza kuukaribia ukakamavu unaotakiwa, ila majini hauna uzito wa kulala chini, na ukilowa hulegea.

Kinachofaa ni mnyororo kwa ajili ya uzito na springi kwa ajili ya ukakamavu: nyutoni 0.36 kwa milimita, upande wa jukwaa (5,900 ukigawanya kwa milimita 16,700 ni 0.35, na mnyororo nao hurefuka kidogo). Usiiweke nangani, mnyororo uliolala sakafuni hula mvutano kwa msuguano kabla haujaifikia. Uzito wa springi nao uhesabiwe.

Angalia pia kwamba springi nyingi za kuvuta husokotwa pete zikiwa zimebanana. Mbano huo ukizidi nyutoni 9, springi haifunguki, na ni kana kwamba hukuiweka. Itundike na gramu 900, kisha ongeza 500: inapaswa kurefuka milimita 13 na nusu hivi. Kilo zilizoandikwa kwenye lebo ya kamba ni za kukatika. Hazikuambii lolote kuhusu milimita hizo. Na amari inayogoma kurefuka, tafadhali, usiisifu kuwa imara. Ni kakamavu mno tu.