Pigteli na Konekta za Faiba: Mambo Yanayoamua Ubora wa Ungio

Mwanga unaosafiri ndani ya faiba hupotea kidogo sana njiani. Katika faiba ya modi moja, yaani inayoupitisha mwanga kwa njia moja tu, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 hupungua kwa takribani desibeli 0.2 tu (desibeli ni kizio cha kupimia upungufu wa mwanga) kwa kila kilomita. Konekta moja chafu, kwa upande mwingine, inaweza kupoteza desibeli 1 nzima, ambayo ni sawa na hasara ya kilomita 5 za kebo. Ndiyo maana mtandao unapolegalega fundi mzoefu haanzi kwa kuishuku kebo iliyozikwa ardhini, bali huanza na ncha zake, pale kebo inapokutana na vifaa. Ncha hizo ndizo zinazozungumziwa hapa: pigteli (kipande kifupi cha faiba chenye konekta upande mmoja), konekta, na namna ya kuzifunga ili zidumu.

Faiba ni uzi wa kioo wenye sehemu mbili zisizotenganishika. Katikati kuna kiini, ambamo mwanga hupita, na kukizunguka kuna gamba la kioo ambalo hupinda mwanga kwa kiwango kidogo kuliko kiini. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayourudisha mwanga ndani kila unapojaribu kutoka. Kipenyo cha gamba ni maikromita 125, unene usiozidi sana ule wa unywele. Juu yake kuna koti la plastiki linalofikisha kipenyo cha maikromita 250, na kwenye pigteli nyingi huongezwa tabaka jingine hadi maikromita 900 ili uzi ushikike kwa mkono. Kiini chenyewe ndicho kinachotofautisha aina kuu mbili: faiba ya modi moja ina kiini cha takribani maikromita 9, ilhali ile ya modi nyingi ina kiini cha maikromita 50 au 62.5. Pigteli lazima iwe ya aina ileile ya kebo inayoungwa. Mwanga unaotoka kwenye kiini kipana kuingia kwenye chembamba hupoteza sehemu yake kubwa, na hakuna ustadi wa kuchomelea unaoweza kuliponya kosa hilo.

Pigteli ni kipande kifupi cha faiba, aghalabu cha mita 1 hadi 2, ambacho upande mmoja kimefungwa konekta kiwandani na upande wa pili kimeachwa wazi ili kichomelewe kwenye kebo. Sababu ya kuwepo kwake ni rahisi kuieleza. Uso wa konekta hung'arishwa kwa hatua kadhaa za usagaji, kila hatua ikitumia chembe ndogo zaidi, kisha hukaguliwa kwa hadubini na kupimwa hasara yake. Kazi hiyo ikifanywa juu ya ngazi au ndani ya shimo la kebo, penye upepo na vumbi, matokeo yake hayatabiriki. Kwa pigteli, sehemu ngumu hubaki kiwandani na fundi hubakiwa na ungio moja la kuchomelea. Zipo konekta zinazofungwa papo hapo bila kuchomelea, ambazo ndani zina kipande kifupi cha faiba kilichokwishang'arishwa na jeli inayojaza pengo. Zinafaa kwa matengenezo ya dharura na kwa mteja mmoja mmoja, lakini kwa fremu, yaani kabati la kuunganishia kebo, inayobeba mawasiliano ya watu wengi ningeshauri pigteli iliyochomelewa kila inapowezekana.

Kiungo muhimu cha konekta ni feruli, silinda ndogo ya kauri yenye tundu katikati ambamo faiba hugundishwa. Konekta za SC, FC na ST zina feruli ya milimita 2.5; LC ina feruli ya milimita 1.25, na kwa hiyo hukaa nyingi zaidi katika nafasi ileile. SC husukumwa na kuvutwa, LC hushikwa kwa kilimi kidogo, FC hufungwa kwa skrubu, na ST huzungushwa hadi ikajifunga. Tofauti hizo huonekana kwa macho, hivyo si rahisi kuzikosea.

Tofauti iliyo hatari ni ile ya uso wa feruli. Uso wa UPC umeng'arishwa ukawa na mbinuko mdogo sana, ilhali ule wa APC umekatwa mshazari kwa nyuzi 8. Mwanga unaoakisiwa na uso wa mshazari huelekezwa kwenye gamba na kupotelea humo, badala ya kurudi kwenye kiini na kukisumbua chombo kilichoutuma. Kwa sababu hiyo APC hupendelewa katika mitandao inayowafikia wateja majumbani na katika ile inayosafirisha picha za televisheni. Kwa kawaida konekta za APC huwa za kijani, na za UPC za modi moja huwa za buluu. Tatizo ni kwamba SC ya kijani huingia kwenye adapta ya buluu (tundu la kukutanishia konekta mbili) bila kipingamizi, na hata kujifunga hujifunga. Ndani yake, hata hivyo, uso wa mshazari umekutana na uso ulionyooka, pengo la hewa limebaki kati ya viini, desibeli kadhaa zinapotea, na nyuso zenyewe zinaweza kukwaruzana. Fundi anayekuta kijani kimechomekwa kwenye buluu akichomoe mara moja, hata kama taa ya kifaa inaonyesha kwamba mtandao upo.

Tukija kwenye kuchomelea, jambo la kwanza ni kimrija cha kinga. Huvishwa kwenye uzi mmojawapo kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa baada ya ungio kukamilika hakuna mahali pa kukipitishia. Kisha koti humenywa kwa koleo lenye matundu yanayolingana na kila tabaka, na kioo kilichobaki hufutwa kwa kitambaa kisichoacha manyoya, chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Kioo kikishatakata husikika kikitoa mlio mwembamba chini ya kitambaa. Tangu hapo kisiguswe kwa kidole wala kulazwa mezani, bali kipelekwe moja kwa moja kwenye kikatio.

Hapo kwenye kikatio ndipo ubora wa ungio unapoamuliwa, na mafundi wengi hawapapi uzito unaostahili. Kikatio hakikati kama mkasi. Hukwaruza kioo kidogo kisha hukivunja kikiwa kimevutwa au kupindwa, ili mvunjiko uwe tambarare. Pembe ya mvunjiko isizidi nyuzi 1. Kwenye skrini ya mashine ya kuchomelea ncha mbili huonekana zikisogeleana: zikiwa na kona iliyomeguka au mdomo uliochomoza, zikatwe upya hata kama mashine imekubali kuendelea. Mashine husawazisha nyuzi, huunguza vumbi kwa cheche fupi, kisha huyeyusha kioo na kuzisukuma ncha zikashikamana. Hatimaye huandika makadirio ya hasara, mathalani desibeli 0.02. Makadirio hayo yanatokana na picha, hivyo yasichukuliwe kuwa kipimo cha mwanga uliopita. Kimrija kikishapashwa joto kikasinyaa, uzi hulazwa kwenye trei ya kuhifadhia maungio kwa mizunguko mipana. Kwa faiba ya kawaida ya modi moja, nusu kipenyo cha mpindo kisipungue milimita 30.

Vipande vya kioo vilivyokatwa haviishii sakafuni bila madhara. Havionekani kwa urahisi, huchoma ngozi, na vikiingia jichoni au tumboni huleta balaa. Viwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, miwani ivaliwe, na pasiwe na chakula mezani. Kadhalika, mtu asichungulie kamwe ndani ya konekta: mwanga wa mawasiliano hauonekani kwa macho, na kutouona hakumaanishi kwamba haupo.

Kabla ya kuchomeka konekta, uso wake ukaguliwe kwa hadubini maalumu ya faiba, usafishwe ukionekana mchafu, kisha ukaguliwe tena. Pigteli mpya nayo haina msamaha, kwani kifuniko chake cha plastiki huzuia mikwaruzo lakini chenyewe kinaweza kuacha vumbi na mabaki ya mafuta. Chembe moja iliyobanwa kati ya feruli mbili huweza kuchimba nyuso zote mbili, na tangu hapo hakuna kusafisha kutakakosaidia.

Upimaji kwa OTDR, kifaa kinachotuma mwanga kwenye faiba na kupima unaorudi, ufanywe kwa kutanguliza faiba ndefu ya majaribio, la sivyo konekta ya kwanza hufichwa na mwangwi wa kifaa chenyewe. Ipimwe kwa nanomita 1310 na 1550, na ikiwezekana kutoka pande zote mbili, maana ungio kati ya faiba zisizofanana kikamilifu huweza kuonekana kana kwamba limeongeza mwanga likipimwa upande mmoja, na wastani ndio unaotoa ukweli. Hasara inayoonekana kubwa zaidi kwa 1550 kuliko kwa 1310 huashiria uzi uliopindwa kupita kiasi ndani ya trei, na hiyo hurekebishwa kwa kuulaza upya bila kukata chochote. Viwango vya TIA, chama cha sekta ya mawasiliano cha Marekani, huruhusu hadi desibeli 0.75 kwa jozi ya konekta na 0.3 kwa ungio. Ungio lililochomelewa vizuri huwa chini ya 0.1, na likizidi hapo ni afadhali livunjwe lirudiwe trei ikiwa bado iko wazi mezani.